Baba, Wametuletea Volkano

Baba,

Walitaka kukufukuza kazi. Wewe, uliyelala kaburini tangu mwezi wa tatu mwaka jana, walikaa wakakuandikia raporo, taarifa ya kurasa nne, ili dosie yako, jalada lako la kazi, ifungwe kwa maneno mawili: kosa zito. Unajua mwenyewe kampuni inavyofanya. Mjane wa mfanyakazi aliyekufa na dosie safi anabaki katika nyumba ya kambi. Mjane wa mwenye kosa zito anapewa mwezi mmoja atoe masufuria yake nje. Kwa hiyo hawakutaka jina lako tu, walitaka na paa la Mama.

Nimekaa kukuandikia jinsi ilivyokuwa kabla hujasikia kwa mtu mwingine huko uliko, maana watu wa mji huu wanakufuata kila siku na midomo yao. Na langu limo humo. Nitalisema, sitaliruka. Lakini acha niwaseme wao kwanza, kwa sababu hasira niliyo nayo haijui kusubiri zamu.

Unamkumbuka Sitwayen Mkurugenzi wa Starehe, "mwananchi" kama tunavyoamriwa kuitana. Ulimvulia kofia miaka sita, huwezi kumsahau. Yule injinia aliyepewa ofisi ya michezo ya kampuni hii ya shaba kwa sababu mjomba wake anakaa Kinshasa karibu na watu wanaokaa karibu na wakubwa. Uwanja wa golfu ulipokuwa wa Wazungu wewe ulikuwa kapita wao, msimamizi wa majani. Wazungu walipopungua na yeye akaja na abakosti yake, koti lisilovaliwa tai, na beji ya chama kifuani, ukawa kapita wake, bila kubadilisha hata namna ya kusimama. Nilikuwa nakuona kutoka dirisha la biro, ofisini kwake, nimekaa kwenye mashini yangu ya kuandika. Unamwona anakuja, unaweka chini ule ufito mrefu wa kufagilia umande, unavua kofia. Yeye anapita anaongea na hewa. Nisamehe, Baba, siku hizo nilikuwa nakudharau kidogo na wewe.

Siku moja pale shimo la tisa mpira wake ulikwenda kujificha nyuma ya kichuguu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akausukuma kwa ncha ya kiatu mpaka ukatulia kwenye majani mazuri. Wewe ulikuwa hatua kumi tu. Ukageuka, ukaanza kuchunguza mawingu, na ilikuwa mwezi wa sita, ambao hauna hata wingu moja Katanga nzima. Jioni nilikuuliza kwa nini hukumwacha ajue kwamba umemwona. Ukaendelea kunawa mikono, ukasema, "Mama, mi nachunga majani. Sichunge bantu." Uliniita Mama tangu nikiwa mdogo kwa sababu nina jina la mama yako, na kila uliponiita hivyo nilishindwa kukujibu vibaya.

Sasa sikiliza walivyoyachunga hayo majani baada yako.

Mwezi wa saba huyu bwana akaenda konje, mapumziko ya wiki tatu, yeye na bibi yake, kwenye kisiwa kimoja cha Wahispania kilicho mbali katika bahari, kisiwa kilichotoka ndani ya volkano. Watu wa Ulaya wanakwenda kule kuota jua na kupiga golfu. Akarudi na kofia ya majani makavu, pua imebabuka, na kitabu chembamba cha picha kinachomweleza mgeni viwanja vya kuchezea akifika. Kitabu kile nilikuja kukijua kuliko kitabu cha nyimbo za kanisani, kwa sababu aliniagiza nikipige mashini chote, nakala kumi na mbili kwa ajili ya wanachama wa klabu ya golfu, na chini ya kila uwanja niongeze "maoni ya mchezaji". Mchezaji ni yeye.

Nikueleze viwanja vyenyewe, maana ungependa kusikia. Uko mmoja juu ya mwamba, bahari chini, na upepo ukivuma inabidi upige mpira kuelekea majini ili urudi kuangukia kwenye majani. Uko mwingine kando ya shimo kubwa la volkano iliyozimika zamani, na mle ndani watu wamepanda mizabibu kwenye majivu meusi. Uko wa tatu ambao mashimo yake ya mchanga, yale ya kutegea mpira, yote ni meusi, na katikati yake majani ni mabichi mpaka kwenye picha unataka kuyagusa. Wa mwisho uko juu sana, mawingu yanapita chini ya miguu ya wachezaji. Nilipokuwa napiga maneno yale nilikuwaza wewe, si yeye. Nilijiuliza wale watu wanamwagilia saa ngapi, maji wanayatoa wapi kwenye kisiwa cha mawe, na kapita wao ni nani. Kitabu hakikusema.

Maoni ya mchezaji yalikuwa ya kuchekesha ng'ombe. Kwenye uwanja wa mwamba aliandika kwamba upepo ulijaribu kumshinda ukashindwa. Kwenye ule wa mawingu aliandika kwamba alijisikia yuko mahali pake. Wiki hiyohiyo bibi yake akapita biro kumsubiri, akakaa kwenye kiti cha wageni akijipepea na moja ya nakala zangu. Nikamwuliza kwa adabu kama Sitwayen alicheza vizuri kule. Mama wa watu akacheka mpaka akashika ubavu. "Bwana yangu? Alicheza na macho tu, mu dirisha ya bus." Akanieleza kwamba viwanja viwili viliwakataa mlangoni kwa sababu bwana hakuwa na karatasi ya kuonyesha kiwango chake cha mchezo, wa tatu alicheza mashimo matatu, jua likampiga, akamaliza siku chini ya mwavuli na glasi mkononi, wa nne waliuona kwa mbali, mawingu yameufunika. Basi ndiye huyo aliyerudi kutufundisha golfu.

Akaita mkutano. Tulikuwa watatu mbele yake: mkubwa wa makamyo, mimi na daftari langu la kuandikia, na Mwepu. Mwepu wako, uliyemfundisha miaka tisa, sasa ndiye kapita. Sitwayen akasimama, akaweka kitabu mezani kama padri anavyoweka Biblia, akatangaza kwamba Lubumbashi itakuwa na golfu ya volkano. Mwezi wa kumi wangekuja wageni kutoka Kinshasa, nao waone kwamba Zaire haikosi kitu. Volkano hatuna, akasema, lakini tuna mlima mweusi. Unaujua mlima gani. Ule wa makapi ya tanuru la shaba, mawe yanayobaki baada ya kuyeyusha, kando ya bomba la moshi, unaoonekana kutoka kila kona ya mji. Makapi yasagwe, yajazwe kwenye mashimo ya mchanga, na kila meza izungushiwe ukanda mweusi mpana, ionekane kana kwamba moto wa ardhini ulipita hapo. Ndiyo, alitumia neno lako, meza, kwa pale pa majani mafupi penye kishimo na bendera. Na kichuguu cha shimo la tisa, kile kikubwa kupita nyumba yetu, kikatwe kichwa, kitobolewe, kitiwe matairi, kiwashwe siku ya wageni.

Mwepu alikuwa anatazama vidole vyake. Akasema polepole, "Sitwayen, ile majiwe imetoka mu tanuru. Iko na shaba. Majani haiipende."

Jibu alilopewa nililiandika lote, nalo liko kwenye daftari mpaka leo. Kwamba nyeusi ni nyeusi. Kwamba Wahispania walipewa mawe yao na Mungu bure, sisi tumeyapika wenyewe kwa jasho la Wazaire, kwa hiyo volkano yetu ni halisi kuliko ya kwao. Kwamba mfanyakazi wa majani asimfundishe injinia mambo ya mawe. Mwepu akasema, "Ndiyo, Sitwayen," akavaa kofia yake, akatoka. Mimi nikamtazama mgongo nikasema moyoni: huyu ni kitambaa cha kufutia miguu. Baba alipoteza miaka tisa bure.

Nilikuwa na miaka saba uliponipeleka nyuma ya ule mlima. Ulinipandisha kwenye baiskeli baada ya misa, sikujua tunakwenda wapi. Ukanionyesha ardhi tupu, haina hata magugu, na hapa na pale vile vijiua vya zambarau vinavyoota penye shaba tu. Ukaniambia hapa majani yanakataa, na ukiyalazimisha yatakufa mkononi mwako. Ukanikung'uta viatu tulipofika nyumbani kabla sijakanyaga bustani ya Mama. Mtoto wa miaka saba alielewa. Injinia wa shaba, aliyekula shaba na kuvaa shaba, aliyelipiwa na shaba safari ya kwenda kuona volkano, hakuelewa, kwa sababu aliona kitu cheusi kwenye picha kikiwa karibu na kitu cha kijani.

Kazi ikafanywa na Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali isiyo na malipo. Jumamosi nne mfululizo walituamuru tutoke: wafanyakazi, wanafunzi, mama wa soko kutoka Kampemba, kila mtu na kikapu au beseni. Makamyo yalimwaga makapi langoni, sisi tukayabeba vichwani mpaka kwenye meza zako. Ni mazito, Baba, na yana makali ya chupa iliyovunjika. Shingo yangu ilikatwa mahali pawili. Sitwayen alikuwa anatembea katikati yetu na kitabu chake, anafungua picha, anapima kwa jicho, anasema ongeza hapa. Mama mmoja muuza samaki wakavu, mbele yangu kwenye mstari, alitua beseni lake akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Sitwayen, "Hii volkan yao, itatupikia bukari?" Mstari mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na Sitwayen naye akacheka, kwa sababu hakujua anachekwa yeye.

Mwepu alikuwa anaelekeza watu pa kumwaga. Sikumsalimia hata mara moja.

Siku ya wageni ilifika. Wake za wafanyakazi walivishwa vitenge vya chama, wakaimba na kucheza tangu asubuhi juani. Wageni wakaketi chini ya turubai, waheshimiwa na mabibi zao, kila mmoja na nakala yangu ya viwanja vya kisiwa kile ili waweze kulinganisha. Sitwayen akatoa hotuba. Akapunga kitambaa, na kule kwenye kichuguu wakawasha matairi.

Ungekuwapo ungerudi nyumbani ukalale. Moshi ulitoka kweli, mweusi, mnene, mzuri kabisa, ukapanda kidogo, kisha upepo wa mwezi wa kumi ukaushika ukaushusha moja kwa moja kwenye turubai. Wageni wa Kinshasa walikohoa kwa zamu, kisha wote pamoja. Bibi mmoja mwenye kitenge cheupe aliondoka na kitenge cha kijivu. Ndani ya kichuguu mchwa waliokuwa wamekaa salama tangu enzi za babu zetu wakatoka kwa maelfu, wakatambaa kwenye viatu vya watu. Waimbaji hawakuambiwa waache, kwa hiyo wakaendelea kuimba ndani ya moshi. Sitwayen alisema baadaye kwamba hata kwenye kisiwa kile volkano huwa na moshi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza kweli. Maji yakayaosha yale makapi, yakashuka nayo kwenye meza. Kwanza majani yakapata ukingo wa njano, ukingo ukaingia ndani kila mvua ilipopiga, na ilipofika Noeli meza kumi na saba zilikuwa na upara. Umande ulikuwa unakaa juu ya udongo mtupu na hapakuwa na kitu cha kufagia. Unaniuliza kwa nini kumi na saba wakati uwanja una mashimo kumi na nane. Na mimi sikuuliza wakati ule. Sikuwa nakwenda tena kule mwisho, nilikuwa sitaki kuona.

Wanachama wa klabu wakalalamika mpaka makao makuu ya kampuni, na wakubwa wa huko wakataka raporo: nani ameua uwanja.

Hapa ndipo penye langu.

Akaniita, akafunga mlango, akaanza kusoma kwa Kifaransa na mimi napiga mashini. Kwamba marehemu kapita, kwa uzembe wa miaka mingi, alikuwa akimwaga mafuta machafu ya mashine za kukatia majani juu ya meza. Kwamba udongo ulikuwa umeharibika chini kwa chini kabla hajafa. Kwamba mawe meusi yaliletwa kuokoa hali, yakakuta mambo yameshapita. Nilipofika kwenye jina lako, jina kamili, na namba yako ya kazi, vidole vikasimama. Yeye akasubiri. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma, alikuwa mtulivu kabisa. Akaacha Kifaransa. "Muntu mwenye kufa haiko na kazi ya kupoteza," akasema. "Weye njo uko nayo."

Niliandika, Baba.

Niliandika kurasa zote nne. Nilifikiri watoto wangu watatu na mume wangu anayetafuta kazi tangu mwaka juzi, na nilipokuwa nawafikiria vidole viliendelea. Ulinipeleka shule ya sekreteri kwa baiskeli mwaka mzima, mvua na vumbi, ukisema mtu anayejua kuandika hakuna atakayemfanya apendavyo. Na kuna jambo baya zaidi, sijamwambia mtu. Mahali pawili Sitwayen alikosea Kifaransa chake. Nikamsahihishia. Uongo wake ulikuwa unachechemea kidogo, mimi nikaunyoosha ukatembea vizuri.

Wiki mbili baadaye Mama akapata barua kwamba dosie yako inachunguzwa na ajitayarishe kwa lolote. Hajui kusoma Kifaransa, kwa hiyo akaja nayo kwangu Kampemba nimsomee. Nikamsomea. Alikunja kitenge chake, akasema, "Baba yako hakumwanga mafuta mu majani. Hata ya kupikia hakumwanga." Kisha akaniuliza kama mimi, niliye pale ndani ya biro, sijui nani ameandika mambo kama yale. Nikasema nitauliza.

Mwezi huu wa pili wakaja wakaguzi watatu kutoka makao makuu. Walikaa ofisini kwa Sitwayen na raporo mkononi, nami kwenye kona na daftari langu, niandike watakayosema. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, akaipeperusha ile raporo akaisifu. Akasema ni nadra siku hizi kuona karatasi iliyopigwa mashini safi namna hii, haina kosa hata moja. Sitwayen akanionyesha kwa mkono. Nikasema asante.

Kisha wakamwita kapita wa sasa. Mwepu akaingia ameshika kofia. Wakamwuliza kama ni kweli marehemu alikuwa anamwaga mafuta. Nilikuwa na hakika atasema "Ndiyo, Sitwayen", kama alivyosema siku zote, na nusu ya moyo wangu ilitaka aseme hivyo, ili nisiwe peke yangu. Mwepu akasema hawezi kuwajibu wakiwa wameketi. Akaomba watoke naye.

Tukatembea uwanja mzima kwenye tope, Sitwayen mbele akieleza, tukapita upara mmoja baada ya mwingine. Tulipofika mwisho kabisa, shimo la kumi na nane, nyuma ya ile mikaratusi, Mwepu akasimama. Pale palikuwa na ndoo ya maji na brashi. Akawaomba wakaguzi waoshe viatu vyao kwanza, wasilete makapi, kisha akawapisha.

Meza ya kumi na nane iko hai, Baba. Nzima, fupi, mbichi, imefagiliwa asubuhi ile. Hakuna hata jiwe moja jeusi karibu yake. Jumamosi zote zile za Salongo yeye ndiye aliyekuwa anaelekeza pa kumwaga, na kila zamu ya pale ilipofika aliwageuza watu, akimwambia Sitwayen kwamba makapi yamekwisha na ya hapo yatakuja Jumamosi ijayo. Sitwayen hakuwahi kutembea mpaka kule kukagua. Ni mbali kwa miguu.

Mwepu akawaeleza wakaguzi kwamba ile ni kazi ya kapita marehemu, udongo uleule, mashine zilezile, mafuta yaleyale, na tofauti ni moja tu. Akawaonyesha kwa kidole meza ya kumi na saba. Halafu akasema, hakupaza sauti, "Kapita alikufa mu mwezi ya tatu. Majani ilikufa mu mwezi ya kumi na mbili. Muangalie benyewe nani alikuwa hapa."

Mzee wa miwani akapiga magoti kwenye majani yako na suruali yake nzuri, akayagusa kwa kiganja. Nikaandika kila neno. Nilikimbiza kalamu na maandishi hayasomeki vizuri, lakini yapo.

Usifikiri kwamba Sitwayen ameadhibiwa. Ukifikiri hivyo umesahau nchi uliyoiacha. Ameitwa Kinshasa, amepewa cheo kikubwa kuliko kile, atasimamia bustani za mapokezi. Ameondoka na kitabu chake. Naomba Mungu kule wasiwe na kilima. Sisi tumebaki na makapi, na Mwepu na watu wake wanayakwangua kwa koleo meza baada ya meza. Anasema miaka mitatu, labda minne, akianza upya na vipando kutoka ile ya kumi na nane. Alinisalimia juzi kama kawaida, akauliza watoto. Anajua. Sekreteri wa ofisi ile ni mimi peke yangu. Akauliza watoto, akaendelea na koleo lake, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu sijui niuweke wapi uso wangu.

Dosie yako imefungwa safi. Mama ana karatasi ya nyumba, imegongwa muhuri, ameiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Jumapili iliyopita alipika kuku, akawaita majirani wa mstari mzima wa kambi. Wakati wa kula akasimama, akawaambia kwamba Mungu hamwachi mjane, na kwamba hata Mungu asingeweza kitu kama pale ndani ya biro ya wakubwa pasingekuwa na mtoto wa marehemu wa kumtetea baba yake. Akanionyesha. Watu wakanipigia makofi, Baba. Nilikuwa na mfupa wa kuku mkononi. Nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Nimetumia karatasi nyingi kumdharau yule bwana, na kila neno analistahili, silirudishi hata moja. Lakini yeye alidanganya juu ya mtu aliyekuwa anampita bila kumwona. Mimi nilidanganya juu yako.

Jumapili hii baada ya misa nitakwenda kambini. Nimemwomba Mwepu aje, sikumwambia sababu, akasema atakuja. Majirani walewale nitawaita mwenyewe, maana waliopiga makofi lazima wasikie. Nitachukua nakala ya raporo niliyobaki nayo na nitawasomea kwa Kiswahili, yote, na mahali pale pawili nilipomsahihishia Sitwayen nitasimama niwaonyeshe. Sijui Mama atafanya nini. Anaweza kunifukuza katika nyumba ile, na nyumba ni yake, ina muhuri.

Pumzika, Baba, na usimwombee yule bwana, maana nakujua. Ukipata nafasi ya kuniombea mimi, omba tu sauti yangu isikatike kabla ya ukurasa wa nne.

Binti yako,
Masengo